Viungo vipi vya kupaka vinazifaa mbavu za moshi za nyumbani?

Swali: Mimi ni mkazi wa Nyakato, Mwanza. Nina pipa la lita 200 ambalo fundi alilitoboa matundu na kulitilia wavu, nalo ninalitumia kubanika mbavu za nguruwe kwa moshi siku za mapumziko. Nimelinganisha michanganyiko mitatu ya viungo vikavu. Wa kwanza ni chumvi na pilipili manga peke yake. Wa pili ni wa Kimarekani wenye sukari, paprika (unga mwekundu wa pilipili hoho iliyokaushwa), chumvi na kitunguu saumu cha unga, nao niliufuata kijiko kwa kijiko. Wa tatu ni pilau masala na chumvi. Wa kwanza familia iliuona mkavu na wa kawaida mno. Wa pili ulitoka mweusi, mchungu na wenye chumvi kali. Wa tatu, ambao ulinukia kuliko yote ulipokuwa kwenye bakuli, uliacha kinywani ladha ya dawa ya jino. Upi ni bora? Na je, naweza kuutumia kwa mbavu za mbuzi pia, maana wakwe zangu ni Waislamu?

Jibu: Ndugu msomaji, nimelisoma swali lako kwa makini, na jambo la kwanza ninalopaswa kukueleza ni kwamba bado hujalinganisha viungo. Ulichokilinganisha ni viwango vitatu tofauti vya chumvi, na pengine mioto mitatu tofauti, huku viungo vyenyewe vikichangia sehemu ndogo tu ya tofauti mliyoionja mezani. Ukiitaka hukumu kabla ya maelezo, ni hii: kwa mbavu za nguruwe na kwa pipa la mkaa, chukua mchanganyiko wa pili, lakini uutoe chumvi yote, uupunguzie sana sukari, na uuongezee pilipili manga ya ule wa kwanza. Pilau masala iachie mbuzi, tena kwa masharti nitakayoyaeleza.

Nianze na chumvi, kwa sababu ndiyo iliyoliharibu jaribio lako la pili kabla hata mkaa haujashika. Mapishi mengi ya Kimarekani huandikwa kwa kudhani kwamba mpishi anatumia chumvi ya chenga pana na nyepesi, ambayo ndiyo iliyozoeleka katika majiko ya huko. Kijiko kikubwa cha chumvi hiyo, kwa aina ambayo waandishi wengi wa mapishi huipendelea, kina uzito wa gramu 8 hadi 10, ilhali kijiko hichohicho cha chumvi laini ya pakiti, hii tunayoinunua dukani kwa Mangi, kina gramu 18 hivi, kwa kuwa chembe zake ndogo hulala karibukaribu bila kuacha nafasi katikati. Ukifuata kijiko kwa kijiko, kama ulivyofanya, unakuwa umetia chumvi maradufu ya ile iliyokusudiwa, huku ukiamini kwamba umetii kila neno. Chumvi ya mawe nayo ina uzito wake, unaobadilika kulingana na ulivyoitwanga. Kwa hiyo achana na kijiko, nunua mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu, na upime gramu 10 za chumvi kwa kila kilo moja ya mbavu pamoja na mifupa yake. Ubavu mzima wa kilo moja na nusu utapata gramu 15, ambazo kwa chumvi laini ni kama vijiko vidogo viwili na nusu vilivyosawazishwa kwa mgongo wa kisu.

Kuna sababu ya pili ya kuitenga chumvi, nayo ina uzito kuliko ya kwanza. Miongoni mwa vitu vyote unavyopaka juu ya nyama, chumvi ndiyo hasa inayosafiri kwenda ndani. Huyeyuka katika unyevu wa nyama, hupenya polepole, na katika njia yake huifanya nyama ishike maji yake vizuri zaidi inapopikwa. Paprika, pilipili manga, kitunguu saumu cha unga, bizari na sehemu kubwa ya sukari hubaki juu juu, hata ukizilaza mbavu usiku kucha. Mpishi anayesema kwamba viungo vyake vimeingia mpaka kwenye mfupa anaonja chumvi iliyoingia, na pua yake inamletea harufu ya viungo vilivyobaki nje. Hivyo chumvi ni kazi ya jana yake usiku, na viungo ni kazi ya asubuhi. Paka chumvi peke yake pande zote mbili, weka mbavu kwenye friji bila kuzifunika sana, na asubuhi utakuta uso wa nyama umekauka kidogo na kuanza kunata, hali inayoyashika maungamaunga kuliko haradali au mafuta ambayo watu hupaka kwanza. Kama huna nafasi usiku, saa mbili kabla ya kuwasha moto zinatosha kwa nyama nyembamba kama ya mbavu.

Maneno hayo yanaihusu pia michanganyiko ya pakiti na unga wa mchuzi, ambao najua wengi wetu huongeza kidogo hata pale ambapo haukutajwa. Viambato kwenye pakiti hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Ukiona chumvi imeandikwa ya kwanza, jua kwamba umenunua chumvi yenye rangi, na usiongeze nyingine.

Sasa nije kwenye weusi na uchungu. Sukari nyeupe haianzi kuwa kahawia kwa yenyewe mpaka ifike karibu nyuzi 160 za Selsiasi, nayo ikizidishiwa joto huelekea kwenye uchungu na hatimaye huwa makaa. Mbavu za moshi hupikwa katika hewa ya nyuzi 110 hadi 125. Katika joto hilo sukari inaweza kukaa juu ya nyama kwa saa nyingi bila kuungua. Itayeyuka, itachanganyika na mafuta na majimaji ya nyama, na kuacha ngozi inayong'aa, ya rangi ya mahogani. Kama zako zilitoka nyeusi na chungu, basi wavu wako haukuwa kwenye nyuzi 120. Pipa la kawaida lina mkaa chini na nyama moja kwa moja juu yake, kwa hiyo nyama hupokea joto la hewa na pia mwako wa makaa yenyewe, na kila tone la mafuta linaloangukia makaa hupandisha ulimi wa moto unaolamba sukari. Paprika nayo huungua mapema na kuwa chungu. Hapo si viungo vilivyokosea. Viungo vya moto wa polepole vilipelekwa kwenye moto wa nyama choma.

Kabla ya kubadilisha mchanganyiko, hakikisha kwamba unajua joto la wavu wako kwa kipimajoto kilicholazwa pale pale nyama inapolala, kwa kuwa kile kinachochomekwa kwenye kifuniko husoma hewa ya juu tu. Kipimajoto chenyewe kipime kwa maji yanayochemka, lakini kumbuka mahali ulipo. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Nimewaona watu wa hapa Mwanza wakitupa vipimajoto vizima kwa sababu vilisoma 96 kwenye sufuria inayotokota, na wengine wakivirekebisha hadi visome 100, kisha wakashangaa kwamba kila kitu kinatoka kabla hakijaiva.

Kutuliza moto ni kazi ya fundi wa kuchomea vyuma kwa nusu siku. Mwombe akuwekee sahani ya chuma cheusi kati ya makaa na wavu, pana kiasi cha kuacha nafasi ya vidole vinne hivi kuzunguka ukingo ili moshi upite. Asitumie bati la kuezekea, kwa kuwa lina zinki, na zinki ikipata moto mkali hutoa moshi wenye madhara. Pili, angalia matundu ya chini. Mchana upepo hugeuka na kuvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, na pipa lililokuwa limetulia tangu asubuhi huanza kuvuta hewa nyingi bila wewe kugusa kitu. Ziba matundu yanayoelekea upepo na uache upande wa pili pekee. Jambo hili dogo limeunguza mbavu nyingi za Jumapili kuliko mapishi yote mabaya yaliyowahi kuandikwa.

Kuhusu sukari yenyewe, ninapendelea sukari guru kuliko sukari nyeupe, na sababu yangu ni ladha. Guru ina masalia ya molasi, na hivyo hukaribia sana ile sukari ya kahawia yenye unyevu ambayo michanganyiko ya mji wa Kansas City, Marekani, hutegemea. Ikwaruze kwa upande wa matundu mapana wa kikwaruzo, ianike kwenye sinia kwa muda, kisha isage pamoja na viungo vingine, kwa sababu peke yake itagandamana. Ujue hata hivyo kwamba guru hugeuka kahawia mapema kuliko sukari nyeupe, na asali mapema zaidi ya guru, kwa kuwa sukari zilizomo ndani yake ni za aina zinazokimbilia rangi katika joto dogo. Asali sitaki kuiona juu ya mbavu mpaka dakika ishirini za mwisho. Na hata guru, kwa pipa la mkaa, naiwekea mpaka: sehemu moja ya guru kwa sehemu mbili za paprika. Mapishi mengi ya Kimarekani hufanya sukari kuwa sawa na paprika au kuizidi, kwa kuwa yameandikwa kwa majiko ambayo moto umetengwa kabisa na nyama, na kwa walaji waliozoea nyama tamu. Mlaji wa Mwanza anayekula kitimoto na ndizi za kuchoma, kachumbari na ndimu hataki utamu huo, au akiutaka anautaka kwa mbali.

Mchanganyiko wako wa tatu ndio ulionivutia kuliko yote, kwa sababu kosa lake halionekani mpaka mtu ajue moshi umetengenezwa na nini. Pilau masala ya kawaida ina bizari nyembamba, pilipili manga, iliki, mdalasini na karafuu. Harufu ya karafuu inatoka kwa kiasi kikubwa kwenye kiini kimoja kinachoitwa eujenoli, na ndicho hicho ambacho madaktari wa meno wamekitumia kwa miaka mingi kutuliza maumivu. Ulimi wako ulikuwa sahihi kabisa ulipotaja dawa ya jino. Kuni zinapofuka, ile sehemu ya mti inayoupa ugumu huvunjika na kutoa familia ya viini vinavyofanana sana na hicho, na eujenoli yenyewe ni mmojawapo. Maana yake ni kwamba moshi wako tayari una chembe ya ukarafuu ndani yake. Ukiongeza karafuu juu ya nyama, vitu viwili vya ukoo mmoja vinapandana, na kile ambacho kwenye bakuli kilikuwa harufu tamu kinageuka kuwa kikali na chenye kufisha ulimi.

Halafu kuna suala la wingi. Katika pilau, masala hukaangwa kwenye mafuta pamoja na vitunguu, kisha hutawanywa katika mchuzi na sufuria nzima ya mchele. Kijiko kimoja kinahudumia watu kumi. Kwenye ubavu, kijiko hichohicho kinabaki juu ya ngozi nyembamba ya nyama, hakuna mchele wa kukipunguza, na kila tonge linaanza nacho. Mdalasini huvumilika kwa kiasi kidogo sana. Iliki hupoteza ubora wake katika saa nyingi za moshi na kuacha ukakasi. Bizari nyembamba na mbegu za giligilani ndizo zinazoupenda moshi, hasa zikikaangwa kavu kidogo kabla ya kusagwa. Kwa hiyo ukitaka ladha ya nyumbani juu ya mbavu, usichukue pilau masala nzima. Chukua hizo mbili tu.

Ule mchanganyiko wa kwanza, wa chumvi na pilipili manga, umeonewa. Ndio unaotumika katikati ya Texas kwa vipande vikubwa vya ng'ombe, na huko hakuna anayeuita wa kawaida, kwa kuwa pilipili husagwa chenga kubwa na nyama ina mafuta ya kutosha kuilainisha. Pilipili ya unga laini, ambayo nadhani ndiyo uliyoitumia, hutoa ukali bila umbo. Chenga kubwa hutengeneza gamba linalovunjika kidogo chini ya meno, na harufu yake hudumu zaidi katika moshi. Nunua punje nzima, za Tanga, Morogoro au Zanzibar, uzitwange kwenye kinu mpaka punje moja ivunjike vipande vitano au sita, usiende mbali zaidi. Ukavu mliouona haukutokana na viungo. Mbavu huwa kavu zikitolewa mapema kama zinavyokuwa kavu zikichelewa: mishipa na tando ngumu za nyama hulainika na kuwa ute mzito kuanzia nyuzi 70 hivi, lakini kazi hiyo huenda polepole, na kwa mbavu haikamiliki vizuri mpaka nyama yenyewe ifike nyuzi 90 hadi 95. Ukizitoa kwenye 75 zimeiva kwa usalama, minyoo ya tegu haiwezi kupona hapo, ila zitatafunika kama zimekauka. Kwa nyuzi 115 hadi 120 kwenye wavu, tegemea saa 4 hadi 5. Zinyanyue kwa koleo kutoka upande mmoja: ubavu ulioiva huinama kama unataka kukatika, na uso wake hupasuka mistari katikati ya mifupa.

Yote haya yanadhani kwamba una ubavu mzima, na hapo ndipo bucha zetu zinapokwamisha mambo. Muuzaji wa kitimoto amezoea mteja wa kukaanga, kwa hiyo kabla hujamaliza kutaja kilo, panga limeshashuka kwenye gogo na mbavu zimekuwa vipande vya vidole viwili. Sema mapema, kabla hajaitoa nyama kwenye ndoano, kwamba unataka ubavu usiokatwa, na uangalie kama muhuri wa ukaguzi ungali kwenye nyama yenyewe. Hata ukiwa mzima, ukingo uliokatwa kwa panga au shoka huwa na unga wa mfupa, chenga nyeupe ndogondogo ambazo zikichanganyika na viungo hutafunika kama mchanga. Zifute kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya chumvi. Kisha geuza ubavu, ingiza mpini wa kijiko chini ya ule utando mweupe unaong'aa upande wa ndani, ushike kwa karatasi ya jikoni isiyoteleza na uuvute wote. Utando huo haupitishi vizuri chumvi wala moshi, na ukibaki hukauka kama ngozi ya ngoma.

Mchanganyiko ninaokupendekezea, kwa ubavu mmoja wa kilo moja na nusu ambao umeshapata chumvi yake ya gramu 15, ni vijiko vikubwa viwili vya paprika, kijiko kikubwa kimoja cha sukari guru iliyosagwa, kijiko kikubwa kimoja cha pilipili manga ya chenga, kijiko kidogo kimoja cha kitunguu saumu cha unga, nusu kijiko kidogo cha bizari nyembamba iliyokaangwa kavu, na pilipili kali ya unga kadiri ya familia yako. Paprika isibadilishwe na pilipili kali ya kusaga kwa sababu tu rangi zao zinafanana. Kazi ya paprika ni rangi na utamu wa pilipili hoho iliyokaushwa, na rangi hiyo huyeyuka kwenye mafuta, ndiyo maana mbavu huanza kuwa nyekundu pale tu mafuta yanapoanza kutoka jasho. Gawanya mchanganyiko kabla ya kugusa nyama mbichi: tatu kwa nne upake asubuhi, na robo uiweke pembeni kwenye kikombe kikavu. Hiyo robo utainyunyiza mbavu zikitoka motoni, zingali na mafuta juu, kama wanavyofanya wapishi wa mbavu kavu wa mji wa Memphis, Marekani. Viungo vilivyokaa motoni saa tano vimepoteza sehemu ya manukato yake, na vile vibichi vya juu huyarudisha. Ikiwa uliwahi kujiuliza kwa nini mchanganyiko unaonukia vizuri kwenye bakuli hufifia mezani, jibu ni hilo.

Usizinyunyizie maji wala siki katika saa ya kwanza, kwa kuwa utaviosha viungo kabla havijashika. Kuni tumia za mwembe, mpera au mchungwa zilizokauka vizuri, vipande viwili au vitatu vya ukubwa wa ngumi juu ya mkaa. Misonobari na mbao za ujenzi ziepuke kabisa. Moshi mzito mweupe huleta uchungu ambao watu huusingizia viungo. Subiri moshi uwe mwembamba ndipo uweke nyama.

Baada ya hapo, rudia ulinganisho wako, lakini safari hii kwa haki. Tia chumvi ubavu mzima kwa kipimo kimoja, kisha ukate vipande vitatu vya mifupa minne minne, na kila kipande ukipake mchanganyiko wake usio na chumvi: pilipili manga tupu, huu wa paprika na guru, na wa bizari na giligilani. Vyote viive katika pipa moja, siku moja, ukivizungusha mahali kila baada ya saa moja kwa sababu hakuna pipa lenye joto sawa pande zote. Chomeka vijiti vya meno kimoja, viwili na vitatu kama alama. Upande wa bega una nyama nene na mafuta mengi kuliko upande wa mwisho, kwa hiyo mchanganyiko uliokaa begani leo ukae mwisho siku nyingine, vinginevyo utaupa ushindi uliostahili kwenda kwa mafuta. Wageni usiwaambie kipi ni kipi, na usiwaulize kipi kizuri, maana watakupa jibu la adabu. Hesabu mbavu ambazo bado hazijachukuliwa kwenye kila sahani baada ya dakika kumi.

Suala la kuloweka kwa tangawizi mbichi, papai na ndimu, ambalo hukuliuliza lakini ndiyo desturi ya majiko mengi ya hapa, nalitaja kwa ufupi. Tangawizi na papai vina vimeng'enya vinavyovunja nyama, navyo huendelea kufanya kazi nyama inapopata joto la polepole. Kwenye nyama choma ya nusu saa vinasaidia. Kwenye moshi wa saa nne huacha uso wa nyama ukiwa laini kama uji, na viungo vikavu havipati pa kushika.

Kwa mbavu za mbuzi, jibu ni kwamba mchanganyiko wa nguruwe haufai ulivyo. Mbavu za mbuzi ni nyembamba, zina mfupa mwingi kwa nyama kidogo, kwa hiyo chumvi ishuke hadi gramu 8 kwa kilo, na guru iondoke kabisa, kwa sababu nyama nyembamba hupata rangi na kukauka kabla sukari haijafanya kazi yoyote ya maana. Harufu ya mbuzi ni nzito na inahitaji kiungo cha kusimama nayo: weka kijiko kikubwa kimoja cha bizari nyembamba, kimoja cha giligilani, kimoja cha pilipili manga ya chenga, na kijiko kidogo kimoja cha kitunguu saumu cha unga kwa kila kilo moja na nusu. Ukipenda pilau masala, hapa inaruhusiwa, nusu kijiko kidogo tu, na kwa sharti kwamba uisage mwenyewe bila karafuu. Zifukishe kwa saa moja na nusu hivi, kisha zifunge kwenye karatasi ya aluminiamu pamoja na vijiko viwili vya maji mpaka nyama iachane na mfupa, jambo ambalo kwa mbuzi mzee huchukua muda mrefu kuliko unavyotarajia. Zipelekwe mezani zikiwa za moto, kwa kuwa mafuta ya mbuzi huganda haraka mdomoni yakipoa.

Ila wakwe zako hawawezi kuhudumiwa kutoka pipa hilohilo. Wavu, koleo, kisu, ubao wa kukatia na hata kikombe cha viungo vilivyogusa nguruwe havifai kwao kwa kuoshwa tu na kuendelea, na hili si jambo la kubahatisha wala la kunyamaziwa. Tafuta pipa la pili lililokuwa na mafuta ya kula, lichome ndani kwa moto mkali wa kuni mpaka rangi yote itoke, liwekee wavu wake, na vifaa vyake vikae mbali na vya lile la kwanza. Mbuzi mnunue kwenye bucha ambalo wao wenyewe hununua, na viungo vyao vichanganye siku hiyo kutoka pakiti zisizofunguliwa bado.